Kuendesha muziki wa kompyuta ya nyumbani kwa kishikwambi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yalianza kwenye daftari. Jirani wa hapa Isevya aliniuliza jambo, wiki iliyofuata mwalimu mmoja wa Cheyo akaniuliza lile lile, kisha shemeji yangu aliyeko Ipuli naye akapiga simu. Nikaona heri niyaandike yote pamoja, kwa Kiswahili, kwa sababu maelezo mengi ya kazi hii yameandikwa kwa Kiingereza na kwa watu ambao umeme wao haukatiki. Sisi wa Tabora tuna mahitaji yetu: vumbi la kiangazi, joto la Oktoba, bando linaloisha katikati ya mwezi, na maboksi ya kaseti za wazee wetu ambazo hakuna mahali pengine zinapopatikana.

Hasa tunazungumzia kitu gani?

Kompyuta moja inakaa sebuleni, nyuma ya kabati au chini ya meza ya televisheni, imeunganishwa kwa waya na amplifaya au sabufa yako. Nyimbo zako zote zimo ndani yake. Hiyo ndiyo tunaiita seva ya muziki. Wewe umekaa barazani chini ya mwembe na kishikwambi mkononi, unachagua bendi, unagusa wimbo, na spika za sebuleni zinaitika.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni hili: wimbo haupiti kwenye kishikwambi. Kishikwambi kinatuma amri tu, kama rimoti ya televisheni, ila rimoti hii inakuonyesha majina ya nyimbo na picha za majalada. Ukitaka kuhakikisha, anzisha wimbo kisha kizime kabisa kishikwambi. Muziki utaendelea mpaka orodha iishe. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yaliyobaki utayajibu mwenyewe.

Kwa hiyo sihitaji bando?

Huhitaji. Unahitaji ruta, yaani kile kifaa kinachorusha waifai, lakini si lazima kiwe na intaneti. Kompyuta na kishikwambi vikishakuwa kwenye waifai moja vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe ndani ya nyumba. Ruta ya zamani isiyo na laini ndani yake inatosha kabisa. Nimewahi kufunga mtambo wa namna hii kwenye nyumba ambayo haijawahi kulipia intaneti hata siku moja, na unafanya kazi vizuri kuliko kwangu.

Kuna mtego mmoja. Kishikwambi cha Android kikiona waifai haina intaneti kitakuuliza kama uendelee kuitumia. Usipojibu, au ukijibu hapana, kinahamia kimya kimya kwenye data ya laini, na papo hapo kinaacha kuiona kompyuta. Kubali kubaki kwenye waifai hiyo, au zima data ya simu kabisa wakati unasikiliza. Nimeitwa nyumba tatu kwa tatizo hili peke yake.

Kwa nini nisitumie Bluetooth tu?

Unaweza, na kwa sherehe ndogo Bluetooth inafaa. Lakini kwa Bluetooth muziki unatoka kwenye simu yako: ukipigiwa, wimbo unakatika, ukienda dukani na simu mfukoni, spika zinanyamaza, na ukishavuka mita kumi hivi au ukuta mnene wa tofali za kuchoma, sauti inaanza kukwamakwama. Isitoshe, nyimbo zinabaki zimetawanyika, nyingine kwenye simu ya mama, nyingine kwenye flashi ya mtoto. Seva inazikusanya mahali pamoja, na kila mtu wa nyumbani anazifikia.

Niweke kompyuta ya aina gani?

Yoyote inayowaka. Kupiga muziki ni kazi nyepesi mno kwa kompyuta, kwa hiyo ile laptop ya miaka kumi na mbili iliyopita, yenye kioo kilichopasuka au kibodi iliyokufa nusu, ni seva nzuri sana. Betri yake, hata ikiwa imechoka, inakusaidia dakika kadhaa umeme ukikatika. Kumbuka tu kubadilisha mipangilio ili isilale ukifunga kifuniko, wala isilale yenyewe ikikaa bila kuguswa.

Kompyuta kubwa ya mezani siipendekezi kwa kazi ya kuwaka mchana na usiku, na sababu ni Luku. Tupige hesabu. Kompyuta ya mezani inayokula wati 60 ikiwaka saa 24 kwa siku 30 inamaliza uniti 43 hivi. Kama nyumba yako iko kwenye lile kundi la matumizi madogo la uniti 75 kwa mwezi, zaidi ya nusu imekwenda kwenye muziki peke yake. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo inayotosha kiganjani, ukiipa wastani wa wati 5 inakula uniti 3.6 kwa mwezi mzima.

Ukinunua Raspberry Pi, angalia toleo. Namba 4 ina tundu la jeki ya spika. Namba 5 haina. Hata hiyo ya namba 4, sauti ya tundu lake si nzuri sana. Ongeza kadi ndogo ya sauti ya USB, hata ya bei ya chini, na utasikia tofauti kwenye besi na kwenye matoazi. Kutoka hapo unahitaji waya wenye jeki ndogo upande mmoja na pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande mwingine.

Na programu je?

Inategemea kompyuta uliyonayo, na mtu alivyo na subira.

Kama una Windows na hutaki kuigusa sana, weka Kodi. Ni ya bure. Ielekeze kwenye folda lako la nyimbo, kisha kwenye mipangilio ya huduma, sehemu ya udhibiti, ruhusu kuendeshwa kwa mbali kupitia HTTP na uweke jina na nenosiri. Kwenye kishikwambi cha Android pakua Kore, rimoti rasmi ya Kodi. Mwenye iPad, au asiyetaka kupakua kitu, afungue kivinjari na kuandika anwani ya kompyuta ikifuatiwa na nukta mbili na 8080.

Kama una Raspberry Pi, chukua moOde au Volumio. Hizi hazisakinishwi juu ya mfumo mwingine. Unaziandika moja kwa moja kwenye kadi ya kumbukumbu na kifaa chote kinageuka kuwa seva ya muziki. Unaziendesha kwa kivinjari, kwa hiyo kishikwambi chochote kinafaa.

Kama una laptop ya zamani na unaijua kidogo Linux, ule mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, weka MPD. Hii ndiyo ninayoitumia mimi. Ilianza mwaka 2003 na hata moOde na Volumio ndani yake zinatumia MPD. Haina sura yoyote kwenye skrini ya kompyuta. Inakaa kimya nyuma ikingoja amri, na inaendeshwa na kompyuta dhaifu kabisa. Kwenye kishikwambi ninatumia programu iitwayo M.A.L.P., ya bure na isiyo na matangazo.

Iko pia Lyrion Music Server, ambayo zamani iliitwa Logitech Media Server na ilitengenezwa kwa ajili ya vifaa vya Squeezebox. Logitech iliachana na vifaa hivyo, lakini seva yenyewe inaendelezwa na watumiaji wake mpaka leo. Mwenye nyumba ya vyumba vingi aitazame hii kwanza; nitairudia chini.

Nimeweka programu ya kuonyesha skrini ya kompyuta kwenye kishikwambi. Si ni kitu kile kile?

Hapana, na itakuchosha. Utakuwa unabonyeza vitufe vilivyotengenezwa kwa ajili ya mausi kwa kidole kinene, kwenye picha iliyobanwa ikawa ndogo. Halafu ukitumia ile ya Windows yenyewe, Remote Desktop, kwa kawaida sauti inahamia kwenye kishikwambi na spika za sebuleni zinabaki kimya. Watu huja kwangu wakisema kompyuta imeharibika sauti, kumbe sauti imewafuata mkononi. Tumia programu ya kuona skrini kwa matengenezo tu. Kwa muziki tumia rimoti ya muziki.

Kishikwambi hakiioni kompyuta. Nifanye nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu pole pole. Fuata mpangilio huu, usiruke hatua.

Kwanza hakikisha vyote viwili viko kwenye waifai moja. Ruta nyingi zinarusha majina mawili, moja la masafa ya 2.4 na jingine la 5, na hayo mara nyingi hayana shida kuonana. Lakini ruta ikiwa na waifai ya wageni, hiyo hutengwa makusudi: vifaa vilivyomo vinapata intaneti lakini haviruhusiwi kuonana. Kishikwambi kikiwa kwenye ya wageni hakitaiona kompyuta milele. Kitoe huko.

Pili, tafuta anwani ya kompyuta. Ni namba kama 192.168.1.20. Kwenye Windows fungua dirisha la amri na uandike ipconfig. Kwenye Linux andika hostname -I. Iandike jinsi ilivyo kwenye kivinjari cha kishikwambi, au kwenye rimoti kama M.A.L.P., ukiongeza namba ya mlango wa programu yako kama inayo, mfano ile 8080 ya Kodi. Usitegemee majina kama moode.local au volumio.local kama kishikwambi chako ni cha Android ya chini ya 12, kwani matoleo hayo hayayatambui majina ya aina hiyo kwenye kivinjari. Tumia namba.

Tatu, kwa wenye Windows: ulipounganisha waifai kwa mara ya kwanza, huenda uliulizwa kama mtandao huo ni wa binafsi au wa hadharani. Wengi hubonyeza tu ili waendelee. Ukiwa umewekwa kuwa wa hadharani, ukuta wa ulinzi wa Windows unazuia vifaa vingine kuingia. Badilisha uwe wa binafsi, na ukubali Kodi ipite.

Nne, kwa wenye MPD kwenye Ubuntu au Debian. Ikisakinishwa, MPD husikiliza amri za kompyuta yake yenyewe tu. Fungua faili la /etc/mpd.conf, tafuta mstari wa bind_to_address, na mahali palipoandikwa localhost weka any. Iwashe upya MPD. Mlango wake ni 6600. Nilihangaika na jambo hili jioni nzima ya kwanza, nikidhani ruta imekufa, na neno moja tu ndilo lililokuwa limenizuia.

Kama jana ilifanya kazi na leo haifanyi, anwani imebadilika. Ruta hugawa anwani upya, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, ambao mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na uiwekee kompyuta yako anwani ya kudumu. Kazi ya dakika tano, na hutairudia.

Mimi ni mwalimu. Kishikwambi nilichopewa kazini kinafaa?

Kwa uwezo kinafaa kabisa. Vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 na baadaye wakagawiwa walimu vinaendesha rimoti za muziki bila taabu. Lakini ni mali ya serikali na kina kazi yake, kwa hiyo ushauri wangu ni kukiacha na kazi hiyo. Simu yako ya kawaida inafanya kazi ile ile, ila kwenye kioo kidogo. Na kishikwambi cha mitumba ambacho betri yake haikai tena kinapata maisha mapya hapa: kiache kwenye chaji mezani, kiwe rimoti ya nyumba nzima.

Umeme ukikatika?

Laptop yenye betri itavumilia. Raspberry Pi itazimika ghafla, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kadi yake ya kumbukumbu ikikatwa wakati inaandika inaweza kuharibika. Kiangazi kimoja umeme wetu ulikatika na kurudi mara nne jioni moja. Ya nne, Pi yangu haikuwaka tena. Taa nyekundu ilikuwa inawaka, ile ya kijani haikucheza hata kidogo. Kadi ilikuwa imekufa. Kwa bahati nyimbo hazikuwamo humo. Zilikuwa kwenye diski ya nje, na diski ilipona.

Toka siku hiyo nafuata mambo matatu. Nyimbo haziwekwi kwenye kadi ya mfumo. Kadi ikishakaa sawa naitolea nakala kamili kwenye kompyuta nyingine, ili ikifa niandike nyingine jioni hiyo hiyo. Na Pi inapata umeme kupitia UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Kuna za kutengenezwa kwa ajili ya ruta, zinatoa umeme mdogo, lakini hakikisha yako inatoa volti 5 na ampea 3, kwani zilizo nyingi ni za volti 9 au 12 na hizo zitakiunguza kifaa. Vilevile, wenye kishikwambi wazoeshwe kuizima seva kwa kitufe cha kuzimia kilichomo kwenye programu, wasichomoe plagi.

Nyimbo zangu zinaonekana zote chini ya msanii asiyejulikana.

Hapa naomba usome kwa makini, maana rimoti nzuri juu ya nyimbo zisizo na majina ni sawa na duka lenye makopo yasiyo na lebo.

Seva haiangalii jina la faili. Inaangalia maandishi yaliyofichwa ndani ya faili: jina la wimbo, la msanii, la albamu, la msanii wa albamu, mwaka. Nyimbo za flashi za mtaani mara nyingi hazina maandishi hayo, au zina matangazo ya aliyezinakili. Kwenye Windows programu iitwayo Mp3tag inayahariri mengi kwa mkupuo. Kwenye Linux kuna Picard.

Kwa muziki wetu wa dansi tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu bendi moja ina majina matatu. Kwenye mkusanyiko wa baba yangu nilikuta Kiko Kids na Kiko Kids Jazz zikikaa kama bendi mbili, wakati ni ile ile ya hapa hapa Tabora, ya Salum Zahoro. Tabora Jazz, aliyoiimbia Shem Karenga, ilikuwa imeandikwa kwa namna tano. Mbaraka Mwinshehe alikuwa na folda la Mwinshehe, la Mwishehe na la Mwinyshehe, na juu ya hapo nyimbo alizopiga na Morogoro Jazz zimechanganywa na za Super Volcano. Ukigusa jina lake kwenye kishikwambi unapata kipande tu cha kazi yake, na unadhani huna nyimbo ambazo unazo.

Mimi nilichofanya: kwenye nafasi ya msanii wa albamu naandika jina la bendi, kwa tahajia moja tu niliyoichagua na kuibandika ukutani. Kwenye nafasi ya msanii naandika mwimbaji kama namjua. Nyimbo hizi nyingi zilitoka kwenye santuri ndogo zenye wimbo mmoja kila upande, si kwenye albamu, kwa hiyo kwenye nafasi ya albamu naandika neno Santuri na jina la bendi, ili seva isinitawanyie albamu mia za wimbo mmoja mmoja. Mikusanyiko ya bendi nyingi naiwekea msanii wa albamu kuwa Wasanii Mbalimbali. Usiku mmoja mmoja, nyimbo thelathini kila usiku, nilimaliza baada ya miezi minne. Ni kazi, lakini unaifanya mara moja.

Picard inaweza kuutambua wimbo kwa kuusikiliza na kuulinganisha na hazina iliyoko intaneti. Kwa muziki wa kimataifa inasaidia sana. Kwa kaseti iliyorekodiwa kutoka Redio Tanzania na mtangazaji anaongea juu ya gitaa la kwanza, usiitegemee. Kaa na mzee anayezijua, muulize, andika.

Kaseti nazihamishaje?

Tafuta deki inayozunguka kwa mwendo ulionyooka. Safisha hedi yake kwa pamba ya masikio iliyochovywa spiriti. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia, chukua nyingine, mpaka itoke nyeupe. Zungusha kaseti yote mbele kisha nyuma mara moja kabla ya kurekodi, maana iliyokaa miaka thelathini huwa imeshikana. Kama sifongo kidogo kilicho nyuma ya utepe, kile kinachoukandamiza kwenye hedi, kimeng'oka, hamisha utepe kwenye ganda la kaseti nyingine yenye skrubu.

Waya utoke kwenye tundu la kutolea sauti la deki uingie kwenye tundu la bluu la kompyuta, si la waridi, kwani la waridi ni la maikrofoni na litakupa sauti iliyopasuka. Laptop nyingi hazina tundu la bluu; tumia kadi ya sauti ya USB yenye kiingilio cha sauti kilichoandikwa line-in. Rekodi kwa Audacity. Acha vilele vya sauti vifike karibu na desibeli -6, visiguse 0. Hifadhi kwanza kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza sauti kama MP3, bila kusafisha chochote. Mashine za kuondoa mvumo zinakula na sauti ya matoazi, na zikishaila huirudishi. Acha mvumo uwepo kwenye nakala mama.

Kisha fanya nakala mbili, na moja ikae nyumba nyingine. Yangu ya pili iko kwa dada yangu Mwanza. Santuri ya msanii mkubwa wa Ulaya ikipotea itanunuliwa nyingine. Kaseti ya harusi ya Kanyenye ikipotea, imepotea.

FLAC au MP3?

FLAC kwa ulichorekodi mwenyewe, MP3 kwa ulichopata kikiwa tayari MP3. Kugeuza MP3 kuwa FLAC hakurudishi kilichopotea, kunajaza diski tu. Kwa makadirio, dakika moja ya MP3 ya 128 ni megabaiti 1. Dakika moja ya FLAC yenye ubora wa CD ni 5 au 6. Diski ya terabaiti 1 inabeba zaidi ya muziki ambao familia moja itausikiliza.

Kuna mngurumo kwenye spika hata wimbo usipopiga.

Chomoa chaja ya laptop. Mngurumo ukikoma, unapita kwenye chaja na waya wa ardhi. Nunua kifaa kidogo cha kutenganisha kinachokaa katikati ya waya wa sauti, au tumia kadi ya sauti ya USB. Usikate kamwe pini ya ardhi ya plagi. Mafundi wengine wanashauri hivyo. Mngurumo unaondoka kweli, na kinga ya maisha yako imeondoka nayo.

Naweza kupiga wimbo ule ule sebuleni na jikoni?

Ndiyo. Lyrion inaoanisha vyumba ili sauti zisipishane, mradi kila chumba kina kifaa chake cha kupigia, na hata Raspberry Pi ndogo inayoendesha Squeezelite inatosha. Kwenye kishikwambi unachagua vyumba vipi viende pamoja.

Niko safarini Dar. Naweza kusikiliza nyimbo zangu zilizoko Tabora?

Hilo ni jambo jingine, kwa sababu sasa wimbo lazima usafiri mpaka ulipo, na utakula bando la pande zote mbili. Seva kama Navidrome ndiyo imetengenezwa kwa kazi hiyo. Ruta za laini za simu kwa kawaida hazifikiki kutoka nje moja kwa moja, kwa hiyo utahitaji njia ya siri kama Tailscale. Chochote utakachofanya, usiufungue mlango 6600 wa MPD kwa dunia nzima. Amri zake hazifichwi, na yeyote ataweza kuingia. Kwa safari ya wiki moja, nakili nyimbo mia mbili kwenye simu na usafiri kwa amani.

Watoto wa jirani wanabadilisha nyimbo.

Kila aliye kwenye waifai yako ana rimoti. Wape waifai ya wageni, ile iliyotengwa. MPD nayo inakubali kuwekewa nenosiri.

Nina saluni. Naweza kutumia mtambo huu kwa wateja?

Mtambo ni ule ule, ila kupiga muziki hadharani kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Ulizia COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ni nani anayeitoa sasa. Na wapigaji wa zamani ni watu wenye familia, wanastahili.

Mzazi wangu ni mzee na hajawahi kushika kishikwambi. Ataweza?

Baba ana miaka sabini na tisa. Siku niliyomkabidhi alikishika kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea sahani ya moto. Akakigusa kwa ncha ya ukucha, na kioo hakikuitika.

"Mwanangu, hiki kimekufa."

"Tumia nyama ya kidole, baba. Polepole tu."

Akajaribu tena. Orodha ikateleza, akaondoa mkono haraka, akanitazama. Kisha akairudisha juu, akashuka nayo, akasimama kwenye Kiko Kids. Gitaa lilipoanza sebuleni hakusema kitu. Alishusha sauti kidogo, akaipandisha, akaishusha tena, akijaribu kama kweli ni yeye anayefanya vile.

Tangu hapo nimejifunza ya kumwandalia mzee. Ongeza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya kishikwambi. Weka alama ya programu moja tu kwenye ukurasa wa kwanza na ufute nyingine zote. Zima kufunga kioo kwa nenosiri. Tengeneza orodha chache zenye majina anayoyatumia yeye. Ya baba inaitwa Za Asubuhi, nyingine inaitwa Za Mama. Weka kikomo cha juu cha sauti kwenye amplifaya yenyewe, ili kidole kikiteleza usiku nyumba isiamke. Na mwachie akikosea, usimnyang'anye mkononi.

Kishikwambi kikianguka na kuvunjika?

Nyimbo haziko humo, kwa hiyo hujapoteza wimbo hata mmoja. Chukua simu yoyote ya hapo nyumbani, iingize kwenye waifai, andika anwani ile ile.